Mipira ya Breki ya Gari la Hadji

Niliingia Burundi nikiwa nimeshika breki ya mkono. Ile ya mguu ilikuwa imekufa upande wa Tanzania, kwenye mteremko wa kushukia Kabanga. Niliikanyaga ikazama mpaka sakafuni bila ubishi, na toka hapo nikawa naendesha kwa gia, kwa breki ya mkono na kwa dua.

Safari ilianzia Arusha, kwenye ghala la shamba la kahawa ambalo wenyewe walishahama. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupeleka magari ya watu kule yanakosubiriwa: Lubumbashi, Goma, Blantyre, popote. Nina cheti cha kidato cha nne na leseni, na kati ya hivyo viwili leseni ndiyo iliyochakaa. Nilizaliwa Korogwe, karibu na reli, na nadhani reli ndiyo iliyoniharibu. Nilikua nikitazama watu wanapita madirishani wakiwa na mikate na watoto wao, nikaona aibu kuwa mimi ndiye ninayebaki.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la watu wawili, la kijani, limetengenezwa kabla sijazaliwa. Pua ndefu, paa hakuna, na chini sana. Singida mbuzi walinitazama usoni bila kuinua shingo. Kahama watoto walikimbia pembeni yangu wakaniacha. Baada ya Nyakanazi mvua ilininyeshea nikavaa mfuko wa mbolea, nikautoboa sehemu ya kichwa na mikono, na askari aliyenisimamisha hakuuliza leseni. Aliomba akae ndani apigwe picha, kisha akanifutia usukani kwa kofia yake. Nilikuwa na furaha. Nikikumbuka sasa, ni mara chache maishani nimekuwa na furaha ndefu namna ile, ya kutoka asubuhi mpaka jioni.

Pale mpakani Kobero afisa alilizunguka gari mara mbili akauliza, "Nusu nyingine inakuja na lori?"

Upande wa Burundi magari hupita kulia, na usukani wangu ulikuwa kulia vilevile, kwa hiyo nilikuwa nachungulia ukingoni mwa bonde muda wote. Nikaingia Muyinga kwa gia ya kwanza, injini ikilia. Mbele yangu kulikuwa na akina mama wenye vikapu vya parachichi, na mimi sina breki. Nikaona rundo la mchanga wa kujengea mbele ya duka la vipuri. Nikaelekeza pua pale.

Gari lilipanda mchanga likanyamaza. Mwenye duka akatoka. Alikuwa mama mnene wa makamo, kitambaa cha kichwa cha bluu, na bado ameshika kikombe cha chai. Akanitazama mimi, akatazama mchanga.

"Umepaki au umeanguka?"

"Shikamoo mama. Sina breki."

"Marahaba. Hilo nimeliona. Nauliza kama umepaki, maana mchanga ni wangu."

Ndivyo nilivyojuana na mama wa vipuri wa Muyinga. Aliniletea chai, akaita vijana wa sokoni wakalisukuma gari, kisha akanitafutia dereva wa lori la maharage anayekwenda Gitega, akamwambia kwamba asiponifikisha salama asirudi kununua fani-belti kwake. Nikavutwa kwa nondo kupitia Karuzi, nimekaa ndani ya kigari kama mtoto anayepelekwa shule kwa nguvu.

Aliyelinunua gari alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Gitega: mabomba, misumari, rangi, makufuli. Wazazi wa wazazi wake walitoka Bara Hindi, yeye mwenyewe alizaliwa Muyinga, na kila mtu alimwita Hadji. Alipokuwa kijana alikuwa na gari la aina hiyohiyo. Alijifunzia kuendesha ndani yake, akamchumbia mkewe ndani yake, kisha akaliuza alipokabidhiwa duka, kwa sababu baba yake alisema mtu wa mabomba hawezi kuonekana ndani ya kitu kama kile. Maisha yote alilisikitikia. Safari hii aliliona kwenye simu ya mpwa wake, akaagiza siku ileile.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Lori liliponiacha mbele ya duka, alitoka akasimama karibu nami, akageuza kichwa pole pole toka pua ya gari mpaka nyuma, kipande kwa kipande.

"Niko naona kidogo kidogo," alisema. "Presha ya macho. Daktari wa Bujumbura anasema mlango iko inajifunga. Leo niko naona kwa bomba ya inchi mbili. Mwaka jana ilikuwa inchi ine."

Alikuwa anapima hivyo, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Alitaka kuliendesha gari lile, yeye mwenyewe, kabla bomba halijaziba. Hakuwa na ombi lingine.

Mkewe alikuwa nyuma yake, amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Breki ziko?"

Nikasema hapana, Mama, hazipo.

"Basi hakuna mtu anaendesha. Macho hana, breki hana. Aliye na kimoja anaweza kukosa kingine. Akikosa vyote viwili anaua watu."

"Mama wa watoto," Hadji alisema, "breki itapatikana."

"Ikipatikana mi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi."

Kazi yangu ilikuwa kukabidhi funguo na kuondoka. Hadji alinishika mkono. "Shoferi, we uliileta, we unajua ugonjwa yake. Baki mpaka isimame." Nikasema wiki mbili. Watu wa aina yangu husema wiki mbili kila mahali.

Nilipata chumba mtaa wa Yoba, kwa mkulima aliyekulia kambini upande wa Kigoma, akarudi Burundi akiwa mtu mzima. Mashamba yake yalikuwa Itaba, nje ya mji, lakini wanawe walisoma mjini, kwa hiyo aliishi huku na kwenda kule kwa pikipiki, petroli ikipatikana. Aliniita kaka toka siku ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, na alikitunza kama watu wanavyotunza suti. "Hapa nikizungumza wananiambia mimi Mtanzania," alisema. "Kule walikuwa wananiambia mimi mkimbizi. Kaa, kaka, tule dagaa, mke wangu anajua kuzikaanga." Jioni tulisikiliza mpira wa Tanzania redioni na kubishana kana kwamba tuko Kigoma mwisho wa reli.

Nilipofungua magurudumu nilielewa hali. Breki za gari lile hufanya kazi hivi: ukikanyaga, mafuta yanasukuma vipira vidogo vya mviringo ndani ya silinda ya kila gurudumu, navyo vinasukuma vyuma vyenye lainingi, ile ngozi ngumu ya breki, vibane gurudumu. Vipira vyote vilikuwa vimeoza vikawa kama uji wa ulezi. Lainingi zilikuwa zimekwisha. Vyuma vilikuwa vizima.

Nikaanza kuuliza. Gitega walicheka kwa upole. Nilipiga simu Dar es Salaam, nilipiga Nairobi, nilitaja jina la gari na mwaka wake, na upande wa pili mtu akasema, "Mzee, hilo lipo kweli au unanitania?" Nilikuwa naomba lifti ya malori kwenda Muyinga, maana vitu vingi vya Tanzania hupita pale kwanza, na mama wa vipuri alikuwa akiniona tu anaanza.

"Mtu wa makumbusho amefika! Leo unatafuta nini, kwato za farasi?"

"Mipira ya breki, mama. Ile ile."

"Ya gari gani?"

Nikataja. Akageukia rafu zake kana kwamba anaziuliza. "Hatulijui. Kunywa chai."

Lakini lainingi alinipatia. Palikuwa na mzee nyuma ya soko aliyekata lainingi za malori na kuzipigilia upya kwa misumari ya shaba. Mama alinipeleka mwenyewe, akasimama juu ya kichwa cha yule mzee akisema, "Kata vizuri, mwenye gari haoni." Nilikuwa nimeshamsimulia habari za bomba. Toka siku hiyo swali lake la kwanza likawa, "Hadji yuko inchi ngapi?"

Alikuwa inchi moja na nusu.

Mipira ikapatikana mahali nisipotarajia. Hadji ana dada Uingereza, mama wa watu wazima, na yeye hakujua gari wala kipuri, lakini alikwenda mwenyewe kwenye maonyesho ya wazee wenye magari ya zamani, uwanjani, kwenye baridi, akauliza meza baada ya meza mpaka akapata. Pakiti ikaja na jamaa aliyekuwa anakuja harusini Dar, ikapewa dereva wa lori, ikakaa Kahama kwa sababu lori liliharibika, ikafika Muyinga. Mama wa vipuri aliipokea akanipigia simu akiwa anapiga kelele: "Vimekuja! Vidogo kama vifungo vya shati! Ndivyo vilivyokutesa?"

Niliibeba mpaka Gitega kifuani. Wakati huo Hadji alikuwa inchi moja, na siku mbaya alisema pungufu. Alikuwa ameanza kuwagonga wateja kwa bega ndani ya duka lake. Nikaiweka pakiti juu ya meza nyumbani Yoba, nikamwambia mwenye nyumba wangu kwamba nakwenda Muyinga tena kuchukua lainingi ambazo yule mzee alikuwa hajamaliza kuzipigilia, nikirudi tunafunga, na Hadji anaendesha.

Hapo inabidi nieleze habari ya petroli. Ilikuwa ile miaka ambayo Burundi haina mafuta. Magari yalilala foleni mpaka majani yakaota chini ya matairi. Petroli ilikuja kwa chupa za maji kutoka mpakani, na mtu aliyekuwa nayo aliificha kuliko hela. Mwenye nyumba wangu alikuwa na dumu dogo chini ya kitanda, lita ambazo hakuzigusa hata kwenda shambani. Alitembea kwa miguu mpaka Itaba na kurudi. Zilikuwa za siku ambayo mtoto ataugua ghafla.

Niliporudi na lainingi nilimkuta amesimama mlangoni anatabasamu kama bwana harusi.

"Kaka, ingia uone. Nimekusaidia."

Juu ya meza, kwenye bakuli la kioo la mkewe, mipira ya Hadji ilikuwa imelala ndani ya petroli.

"Ilikuwa na vumbi la safari na unga unga fulani," alisema. "Nikasema kitu kilichotoka mbali namna hii hakiwezi kuingia garini kichafu. Nimeilaza toka juzi. Safi kama sahani."

Kwake kila kitu cha injini huoshwa kwa petroli: kabureta, beringi, mnyororo. Na ni kweli. Ila mpira wa breki hauoshwi kwa petroli. Niliutoa mmoja. Ulikuwa umevimba kama andazi, laini, na ulipofika kwenye mdomo wa silinda haukutaka hata kujaribu. Tukauanika huo mmoja juani. Ulisinyaa ukakunjamana.

Alinisoma usoni. Akakaa kwenye kigoda akashika kichwa. Mkewe akasimama mlango wa jikoni na kijiko mkononi.

"Nimempofusha Hadji," mumewe alisema.

"Hukumpofusha. Alikuwa anapofuka."

"Nimemwibia muda wake."

Nikaenda dukani kumweleza Hadji. Njia nzima nilipanga maneno na yote yalikuwa mabovu. Alinisikiliza akiwa nyuma ya kaunta, kiganja kimefunika jicho moja kama alivyozoea.

"Petroli yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe, Hadji."

"Alitoa wapi?"

"Alikuwa ameitunza kwa ajili ya watoto wakiugua."

Aliondoa kiganja jichoni. Halafu, kitu ambacho sikukitegemea, akaanza kucheka, kicheko kidogo cha pumzi tu, mpaka mkewe akatoka stoo kuuliza kuna nini. "Bon," alisema. "Mama wa watoto, vaa viatu. Tunaenda Yoba kushukuru."

Kule Gitega shukrani haitumwi na mtu wala haisemwi kwa simu. Aliyepewa kitu huinuka akaenda kwa aliyempa, na kinywaji mkononi, akaketi, akasema mbele ya watu wa nyumba kile alichopewa. Hadji hanywi pombe wala haigusi, kwa hiyo alibeba kreti ya fanta, yeye mwenyewe, mkewe amemshika kiwiko, wakashuka mpaka Yoba kwa miguu na watu wakiwatazama.

Mwenye nyumba wangu alipowaona alitaka kutokea nyuma. Mkewe akamzibia njia. Tukaketi wote, chupa zikafunguliwa, Hadji akasafisha koo.

"Niko hapa kusema asante. Huyu mtu, wakati huu, watu wanapigania tone moja, alitoa petroli ya watoto wake akaweka kwa gari yangu. Hata ndugu yangu wa damu hajanifanyia ile."

"Hadji, nimekuharibia."

"Ngoja. Mi bado sijafika kwa mipira. Niko kwa petroli."

Mkewe Hadji akacheka kwanza, kisha mke wa mwenye nyumba, na mwishowe yeye mwenyewe, machozi yakimtoka. Hadji akamaliza shukrani zake zote bila kuruka kitu, akashukuru hata kwa bakuli. Ndipo aliponyoosha mkono.

"Sasa lete hiyo mipira nione imefanyika je."

Alisema nione, lakini alimaanisha vidole. Akaupokea mmoja, ule uliokuwa umevimba kupita yote, akauzungusha. Akauzungusha tena. Kidole gumba kikasimama.

"Hapa iko kitu imeandikwa."

"Ni alama za kiwanda, Hadji. Nimeziona, ni ndogo sana."

"Zamani zilikuwa ndogo. Sasa zimenona." Akapitisha ukucha. "Iko tatu. Iko mstari. Iko ine." Akainua uso. "Shoferi! Tatu juu ya ine. Hii ni robo tatu ya inchi. Mi nimeuza robo tatu maisha yangu yote!"

Sikuelewa upesi. Yeye alikuwa ameshasimama.

"Bomba ya robo tatu, ukija kwangu, mi nakuuliza nyumba yako iko ya nani? Siulizi. Nakuuliza robo tatu au nusu. We unazunguka mji yote unataja jina ya gari. Mpira haijui gari. Uliza kipimo!"

Ule mwingine, wa magurudumu ya mbele, aliusoma saba juu ya nane. Mkewe aliviandika vipimo hivyo kwenye kiganja changu kwa kalamu, kwa sababu alisema sura yangu haikuonyesha kwamba nimeshika.

Kesho yake nilikuwa Muyinga. Mama wa vipuri alikuwa anapanga vichungio vya mafuta.

"Makumbusho! Hadji inchi ngapi?"

"Amekaribia nusu, mama. Leo sitaji gari. Nataka mipira ya breki ya robo tatu, na ya saba ya nane."

Aliacha kupanga. Akapanda kigoda, akashusha boksi, akamwaga juu ya kaunta mipira ya pikapu za Kijapani na malori madogo, ile ambayo nilikuwa nimekunywa chai mbele yake mara zisizo na idadi. Nikageuza mmoja nikaona tarakimu zilezile.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Nilikuambia gari, mama."

"Gari! We unakwenda dukani kununua viatu unataja jina la baba yako? Unataja mguu!" Kisha akakaa chini. "Na mimi mjinga mwenzio. Nimekuuliza gari gani, gari gani, kama kasuku. Chukua. Chukua na mafuta ya breki mapya. Na usithubutu kuosha chochote."

Tulifunga na mwenye nyumba wangu, uani kwa Hadji. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kila mpira, kama daktari. Kazi ya kutoa hewa kwenye mabomba ya breki inahitaji watu wawili, mmoja ndani anakanyaga na mmoja chini anafungua nati, na ua mzima ulijaa sauti zetu.

"Kanyaga! Shikilia! Usiachie, nimesema shikilia!"

"Nimeshikilia, kaka, mguu unatetemeka!"

"Achia!"

Gurudumu baada ya gurudumu, mpaka pedali ikakataa kushuka. Sijui kama nimewahi kupenda kitu kigumu kiasi kile.

Mke wa Hadji hakukubali kwa maneno. Ua wao una mteremko unaoishia getini. Akaenda akasimama getini, akafunga mikono kifuani, akaniambia nishuke nalo. Nikamwambia Mama sogea. Akasema, "Nikisogea nitajuaje?" Nikashuka, nikakanyaga, gari likasimama na gauni lake halikutikisika.

"Rudia."

Nikarudia, kwa kasi zaidi.

"Rudia. Safari hii usinitazame kwa huruma."

Baada ya hapo akatoka getini akagonga pua ya gari kwa kiganja, akapiga makofi kama alivyoahidi. "Aendeshe. Lakini si barabara ya watu."

Mwenye nyumba wangu ndiye aliyeipata barabara. Kule Itaba, juu ya mgongo wa kilima karibu na mashamba yake, kuna kipande cha njia ya udongo kilichonyooka. Jumamosi, watu walipokuwa kwenye kazi za pamoja za kusafisha mitaro, alimfuata kila mmoja akamwomba: kesho, wakati wa misa, fungeni mbuzi, shikeni watoto, kuna mzee anataka kuendesha. Wengi wao ni waliorudi kutoka Tanzania kama yeye. Walifunga mbuzi. Na misa siku hiyo ilipungukiwa watu, maana niliwaona wamekaa juu ya kingo za mashamba, wamevaa nguo za kanisani, kimya.

Hadji alikuwa amefika nusu inchi. "Na ndani iko kutu," alisema. Mkewe alikwenda mbele kabisa, mwisho wa ile njia, amejitanda kitambaa cha manjano kikali ili aonekane. Mimi nilikaa upande wa abiria. Hadji akagusa usukani, gia, kioo, akatafuta pedali kwa mguu akaikanyaga mara moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukaondoka.

"Kushoto kidogo, Hadji. Vizuri. Nyoosha."

"Nyamaza kidogo, shoferi. Niko nasikiliza."

Nikanyamaza. Aliingiza gia ya pili, ya tatu. Upepo ulimtoa kofia, ikaruka nyuma, na watu wa kwenye kingo wakashangilia kofia. Mashavu yake yalikuwa yanatetemeka. Kitambaa cha manjano kikawa kinakua mbele yetu na sikujua kama anakiona. Mikono yangu ilienda yenyewe kwenye breki ya mkono. Kabla sijaishika, akakanyaga, taratibu, kisha kwa nguvu, na gari likasimama hatua chache mbele ya mkewe, limenyooka kama limepigwa rula.

Mkewe alimtazama. "Ungesogea kidogo," alisema, "nisingetembea hatua hizi."

Hadji alirudia tena na tena, kwenda na kurudi, na kila mara alisimama pale alipotaka. Mara ya mwisho alisimama katikati, mahali pasipo na mtu, akazima injini.

"Basi," alisema.

"Bado mapema, Hadji. Misa haijaisha."

"Ile shimo ya mwisho sikuiona. Nimeisikia kwa mwili yako, vile ulishika mlango." Akachomoa funguo, akaziweka kwenye kiganja. "Voilà. Nimeendesha. Breki iko mzuri. Mtu anasimama wakati bado anaweza kusimama." Mkewe alipofika alimpa funguo, naye akazifunga kwenye pindo la kitambaa chake, akamsaidia kushuka.

Hadji aliniomba nibaki niwe namwendesha Jumapili. Nilibaki kidogo. Nilimfundisha mwenye nyumba wangu, ambaye hakuwahi kuendesha chochote chenye magurudumu manne, na alijifunza upesi kwa sababu aliogopa. Petroli ilipopatikana, ndiye aliyempeleka Hadji Itaba na kumrudisha, pole pole, Hadji akimweleza barabara ya zamani ilivyokuwa. Nilipowaona wamepita mtaa wa Musinzira wawili wale, mmoja anasema na mwingine anacheka, nilijua nafasi yangu imepata mtu.

Wiki zangu mbili zilikuwa zimezaa mvua za vuli na za masika. Sijawahi kukaa mahali namna ile. Mke wa mwenye nyumba alinifungia dagaa wa kukaanga na ndizi, mumewe akanibebea begi mpaka kwenye lori linalokwenda Kobero, akasema ataniambia matokeo ya mpira kila Jumapili, nami nikamwambia Tanzania redio zipo. "Najua zipo," alisema. "Lakini nani atakubishia?"

Nilimwomba dereva wa lori apite mbele ya duka la mabomba. Hadji alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha shati, mkewe kando yake. Tulikuwa tumeshaagana dukani asubuhi ile, alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniombea dua ndefu, lakini alikuwa amesema atatoka kunipungia. Mbele yetu kulikuwa na lori lingine, la saruji. Alilisikia likija akainua mkono, akalipungia kwa nguvu, akitabasamu, na dereva wa saruji, mtu asiyemjua, akatoa mkono dirishani akampungia pia.

Mkewe alikuwa anamvuta shati. Nikajitokeza dirishani mpaka kiunoni nikaita, "Hadji! Bado tunakuja! Sisi wa nyuma!"

Akageuka kuifuata sauti, akacheka, akainua mikono yote miwili.